Fundi wa Majengo anayeanza na shingo

Kibanda ninachokifanyia tathmini hii kiko katika safu ya mafundi cherehani walio jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma, nacho hakina bango wala jina. Anayekitafuta atakitambua kwa blauzi zilizotundikwa mlangoni, ambazo miili na mikono yake ni ya kawaida kabisa, lakini kila moja ina shingo yake. Mwenye kibanda ni mama wa makamo, mpole wa maneno na mkaidi wa kazi, na jambo lililonifanya niandike habari zake ni moja: hagusi mkasi kabla hajaelewana na mteja kuhusu shingo ya blauzi, yaani upana wake begani, kina chake kifuani na umbo lake. Mafundi wengi mjini humu huchukua kifua, kiuno, mkono na urefu, wakaandika kwenye daftari, kisha shingo wakaikata kwa mazoea, kwa kipande kilekile cha boksi walichomkatia mteja wa jana. Mteja akija kuchukua nguo yake hushangaa kwamba vipimo vyote viko sawa na bado blauzi haijamkaa.

Utaratibu wa mama huyu una sababu ya kiufundi. Kiuno kikibana, fundi huachia mshono. Urefu ukizidi, hupinda. Mwili ukiwa mpana, huingiza. Shingo ikishakatwa haina akiba. Hata humo, kosa la kina ni jepesi kuliko kosa la upana. Blauzi iliyoshuka mno kifuani inaweza kutiliwa kipande cha kitambaa kwa ndani, na kipande hicho kikichaguliwa kwa akili kikaonekana kuwa urembo uliokusudiwa tangu mwanzo. Iliyopanuka mno begani haina dawa rahisi: mshono wa bega unateleza, kamba za sidiria zinajitokeza, na mvaaji anashinda siku nzima akiivuta nguo yake huku na huku. Ndiyo maana mama huyu hupima vitu viwili ambavyo sijaona vikipimwa kwingine katika safu ile, navyo ni umbali kutoka msingi wa shingo hadi ncha ya bega, na umbali kutoka kishimo cha koo hadi pale mteja anapotaka shingo iishie. Kipimo hiki cha pili hakichukui ukiwa umesimama wima tu. Hukuambia ukae, uiname kana kwamba unaokota kitu chini, kisha uinue mikono, kwa sababu shingo iliyo ya heshima mtu akisimama inaweza kuwa jambo jingine kabisa akiinama kumpa mkubwa wake faili.

Baada ya vipimo linafuata jambo ambalo, kwa maoni yangu, peke yake linatosha kulipia safari ya kwenda pale. Anacho kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, cha bei ya chini, anachokikata kipande cha kufunika mabega na kifua tu, mbele na nyuma, kikiwa kimeshikizwa kwa mkono begani. Mteja hukivaa juu ya nguo zake mbele ya kioo, na fundi huchora shingo kwa kalamu juu ya kitambaa hicho akianza na shingo ndogo, halafu anaikata taratibu, anapanua kidogo, anashusha kidogo, akimtazama mteja kwenye kioo badala ya kutazama mkasi. Nilikuwepo wakati dada mmoja, mwenye shingo fupi na mabega mapana, alipomwonyesha kwenye simu picha ya blauzi ya shingo ya mashua, ile inayokwenda mlalo kutoka bega hadi bega.

“Mwanangu, mwenye picha hii ana shingo ndefu na mabega membamba. Nikushonee, au kwanza uione?”

“Naomba niione kwanza, mama.”

Akaikata kwenye marekani. Mstari ule wa mlalo ukayafanya mabega ya yule dada yaonekane kuwa mapana zaidi, na uso wake ukawa kana kwamba umekaa juu ya meza. Fundi hakusema neno. Akachora V katikati ya mstari uleule, akashusha mkasi inchi chache, na shingo ya dada huyo ikaonekana kuwa imeongezeka urefu papo hapo. Hakukuwa tena na haja ya mjadala.

Hapa niseme wazi ninapotofautiana na ushauri unaozagaa, ambao humtaka kila mtu atazame umbo la uso wake kwanza: uso wa duara uvae V, uso mrefu uvae duara, taya la pembe lipewe shingo ya U. Si uongo, na mama huyu naye huyajua hayo, lakini huyaweka mwisho. Kinachoamua zaidi ni urefu wa shingo na upana wa mabega, kwa sababu blauzi inakaa juu ya mabega na jicho la mtazamaji hufuata mstari wa kitambaa kabla halijafika usoni. Mwenye shingo fupi anahitaji ngozi ionekane kwenda chini, hata kama ni inchi mbili tu, ili jicho lisikatwe pale shingo inapokutana na kifua. Mwenye shingo ndefu na nyembamba anaweza kuvaa kola ya Kichina iliyosimama, au mashua, na vikampendeza bila taabu. V ya kina humfanya aonekane kuwa amekonda. Mwenye mabega membamba na nyonga pana hunufaika na mstari wa mlalo juu, kwa kuwa unaleta uwiano na chini. Mwenye kifua kikubwa ndiye anayekosewa mara nyingi kuliko wote: hushonewa shingo ya juu kwa hoja ya heshima, na matokeo yake kifua chote kinakuwa pande moja la kitambaa lisilo na mapumziko, kikaonekana kuwa kikubwa zaidi kuliko kilivyo. V ya wastani au mraba usioshuka sana humkaa vizuri zaidi na hauna ubaya wowote.

V ndiyo shingo inayopendeza watu wengi, na ndiyo inayoharibiwa na mafundi wengi. Sababu iko kwenye kitambaa chenyewe. Nyuzi za kitambaa hukaa wima na mlalo, na katika pande hizo hazivutiki. Lakini V hukatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka. Fundi anayeikata V asubuhi na kuiacha mezani hadi mchana, huku akiivuta kila anapoihamisha, hushona shingo ambayo imekwisha kurefuka, na ikivaliwa huachama mbele kama mdomo. Mama huyu akimaliza tu kukata hupitisha mshono mmoja wa kushikilia karibu kabisa na ukingo, kutoka bega la kulia kushuka hadi nchani, halafu kutoka bega la kushoto kushuka hadi pale pale, wala hazunguki kwa mkupuo mmoja. Kisha hubandika kwa pasi kitambaa kigumu cha ndani kwenye kipande cha kumalizia shingo, kile kinachogeuzwa ndani ya ukingo. Kwa wateja wenye kifua kikubwa huongeza utepe mwembamba uliokatwa mfupi kidogo kuliko ukingo wenyewe, ili ukingo uvutwe kuelekea mwilini. Niligeuza blauzi yangu nje ndani nikaukuta utepe huo umeshonwa kwa mkono, hatua fupifupi, na kwa nje hauonekani hata ukiukagua mwangani. Mwishoni kabisa hukata kitambaa cha ziada nchani mwa V hadi karibu na uzi, bila kuugusa, kwa kuwa pasipo mkato huo ncha hujikunja na hainyooki hata ukiipiga pasi kila siku.

Mkato huohuo ndio siri ya shingo ya mraba. Kona mbili za mraba zikiachwa na kitambaa kingi ndani hukunjamana, na mraba unakuwa duara lisilo na uamuzi. Zikikatwa kupita kiasi, uzi unaachia baada ya kufuliwa mara chache na kona inatoboka. Mraba wa fundi huyu una kona kali, na huushona hasa kwa wenye uso wa duara na wale wanaopenda kuvaa mkufu, maana unaacha mahali pa mkufu kukaa bila kupanda juu ya nguo.

Duara, ambalo watu hulidharau kwa kuwa ndilo la kawaida, lina hesabu yake. Kichwa cha mtu mzima huwa na mzunguko wa karibu inchi 22, kwa hiyo shingo ya duara iliyo ndogo kuliko hapo haipiti kichwani bila zipu au uwazi wa kufungwa kwa kifungo kisogoni, na mwenye nywele zilizosukwa na kurundikwa huhitaji nafasi zaidi. Mafundi wengi hukwepa kazi ya kushona zipu kwa kulipanua duara tu, na hapo ndipo blauzi ya shingo ya kawaida inapogeuka kuwa ya kuteleza begani. Huyu huuliza: zipu au kifungo? Nilichagua kifungo kimoja chenye kitanzi cha kitambaa kilekile, nacho kimekaa imara. Kuhusu kola ya Kichina sina mengi, ila kwamba huisimamisha vizuri na haichomi kidevu. Shingo za kufunga kisogoni na zile za mabega wazi anazishona pia, lakini sioni kama zina kazi kubwa nje ya sherehe. Wanaovaa mtandio au hijabu wamwambie mapema, kwa sababu kola iliyosimama hujazana chini ya mtandio na kufanya uvimbe. Kwao hushauri duara la chini kidogo lenye ukingo mwembamba, na ushauri huo ni sahihi.

Kitambaa nacho kina kauli yake. Kitenge cha pamba kinashika umbo, kwa hiyo mraba, V na mashua hukaa juu yake kama zilivyochorwa; ila kifuliwe na kukaushwa kabla ya kushonwa, kwani cha pamba hupungua kikiguswa na maji mara ya kwanza, na shingo iliyopungua haivaliki. Satini na krepe zinalegea, zinafaa shingo inayoporomoka kwa mikunjo laini kifuani, ambayo lazima ikatwe mshazari na hula kitambaa kingi. Shifoni bila bitana shingoni ni matatizo matupu. Katika vitenge vyenye maua makubwa fundi huyu ana ustadi ambao sikuutegemea katika kibanda cha bei yake: hupanga kitambaa ili ncha ya V iangukie katikati ya ua au katikati ya nafasi kati ya maua mawili, kamwe si kwenye ukingo wa ua moja, kwa sababu V iliyonyooka kabisa huonekana kuwa imepinda ikiwa ua liko upande mmoja. Kwa hilo huhitaji kitambaa cha ziada, karibu nusu yadi juu ya zile yadi mbili za kawaida za blauzi yenye mikono, na huwaambia wateja kabla hawajaenda dukani. Mwenye kubana matumizi achague kitenge cha maua madogo.

Nafasi kubwa zaidi ya kumpima fundi wa shingo, hata hivyo, ni sare. Kila mwenye ndugu anajua habari za sare za kicheni pati na harusi: kamati inachagua kitenge, inachagua mshono mmoja kutoka kwenye picha, na akina mama wa kila umbo, pamoja na mabinti wao, wanavishwa shingo moja iliyowapendeza labda wawili kati yao. Picha za sherehe huwa ushahidi. Kwa sare za ndugu zetu mama huyu aliikubali shingo ya kamati, ambayo ilikuwa ya mraba, lakini akakataa kuikata kwa kipimo kimoja. Kwa mashangazi wenye kifua kikubwa aliushusha mraba kidogo na kuubana begani. Kwa mabinti wembamba aliupandisha na kuupanua. Kwa bibi mmoja asiyetaka kifua chake kipigwe na upepo aliziba mraba kwa kitambaa chepesi cha rangi ileile. Walipopangwa pamoja ilionekana ni sare moja, na hakuna aliyejifunika mtandio kwa aibu. Kamati ililalamika kwamba kazi imechukua muda, na ilikuwa kweli.

Kwa wanaofanya kazi maofisini, hasa wale wanaopanda gari kila asubuhi kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba, suala la kina halihusu ladha tu. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007 unajulikana, na matangazo yenye michoro ya mavazi yasiyoruhusiwa yamebandikwa kwenye milango ya ofisi nyingi za umma, ambako hata mgeni aliyekuja kufuata huduma anaweza kurudishwa. Fundi huyu anayajua masharti hayo kutokana na wateja wake, na V ya ofisini huikomesha mahali ambapo mtu akiinama hakuna kinachoonekana. Kuna pia hali ya hewa yetu. Asubuhi za Juni na Julai huku kwenye uwanda wa juu ni za baridi, na upepo wa kiangazi hubeba vumbi. Ikifika Oktoba jua linaunguza kifua kilichoachwa wazi hadi ngozi ibaki na alama ya umbo la shingo ya blauzi. Nimeona busara katika pendekezo lake la kushona shingo ya wastani yenye ukingo unaokubali kitambaa chembamba cha shingoni wakati wa baridi, badala ya kuwa na blauzi za misimu miwili.

Nimelinganisha kazi yake na blauzi zilizoshonwa tayari madukani, na pia na mitumba ya Sabasaba. Za dukani zina upungufu mmoja mkubwa: shingo hukuzwa pamoja na saizi, kwa hiyo mwenye mwili mkubwa hupewa shingo pana hata kama mabega yake ni membamba. Mitumba ni bora kuliko inavyosemwa, kwa kuwa mitindo ya shingo ni mingi na mtu anaweza kuijaribu kabla ya kulipa, na mama huyu huipokea kwa marekebisho. Hupunguza upana kwa kufungua mshono wa bega na kuunyanyua, kazi ya gharama ndogo inayookoa blauzi nyingi nzuri, mradi kwapa liwe na nafasi, maana kwapa nalo hupanda pamoja na bega.

Upungufu wake si wa kufichwa. Ahadi zake za tarehe haziaminiki katika miezi ya Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, wakati mji unapojaa na kila mtu anataka nguo mpya, na Desemba hali ni mbaya zaidi. Mwenye shughuli aongeze wiki mbili juu ya siku anayoambiwa. Kioo ni kimoja na kimetiwa ufa upande wa kushoto, hivyo bega moja hulioni sawasawa mpaka ugeuke. Blauzi za vifungo vya mbele vinavyoanzia shingoni hadi chini si fani yake: yangu ina vitundu visivyolingana umbali, na kifungo cha juu kinaangukia mahali pabaya, juu kidogo ya pale kifua kinapohitaji kushikwa. Kwa mtindo huo nimempata fundi mwingine, na huyu wa Majengo hakukasirika nilipomwambia.

Anatoza shilingi 20,000 kwa blauzi isiyo na bitana na 28,000 kwa yenye bitana, kitambaa ni cha mteja, na nusu ya fedha hulipwa siku ya kupimwa. Marekani ya majaribio haitozwi chochote, ila mteja anayekwenda mchana wa Jumamosi hatapata nafasi ya majaribio hayo kwa sababu ya foleni, kwa hiyo siku za kati ya wiki, saa za asubuhi, ndizo bora. Anayekwenda avae sidiria ileile atakayovaa na blauzi hiyo na achukue mkufu anaoupenda, kwa kuwa vyote viwili hubadilisha mahali shingo inapopaswa kuishia, na fundi ataviulizia.